Fito za Mgongoni mwa Antena

Kila asubuhi, kabla ya kumfunga vifungo vya gauni la shule, mama alipitisha vidole mgongoni mwa bintiye na kuuliza, "Panauma?"

"Hapaumi, mama."

Binti huyo wa miaka kumi na moja alizaliwa na uti wa mgongo uliopinda. Daktari wa mifupa alimwekea fito mbili za chuma, zilizofungwa kwa skrubu kwenye pingili za juu na za chini. Kila baada ya miezi sita alizirefusha kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa anakua. Kaka yake alimwita Antena, na jina likashika hadi shuleni.

Siku moja wenzake waliruka kamba wakati wa mapumziko.

"Antena akae pembeni," mmoja alisema. "Akianguka, nani ataokota skrubu?"

Wakacheka. Hasira zikampanda. Alijua amekatazwa kuruka, lakini aliingia. Kwenye mruko wa ishirini, kitu kililia tak mgongoni.

Kwa wiki tatu aliendelea kujibu, "Hapaumi," huku ameuma meno. Kisha asubuhi moja vidole vya mama vikagusa uvimbe, naye akashindwa kujizuia kulia.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha ufito wa kushoto umekatika vipande viwili.

"Wiki tatu unanidanganya usoni," mama alisema. "Mimi nakuuliza kila siku ya Mungu."

"Unauliza mgongo tu," Antena akafoka. "Hujawahi kuniuliza kama nataka kucheza."

Daktari naye alikuwa amekasirika, ila hakupaza sauti. "Ungesema siku ileile, ningebadilisha ufito, basi. Sasa skrubu za juu zimelegea. Nitapandisha fito hadi pingili mbili zaidi, na sehemu hiyo ya mgongo hutaweza kuikunja tena maisha yako yote."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake daktari alisimama kando ya kitanda, bado amenuna.

"Utanigombeza kwa sababu niliruka?" Antena aliuliza.

"Chuma hukatika hata kwa mtoto mtiifu. Kosa kubwa ni kunyamaza. Eksirei hunionyesha chuma, hainionyeshi maumivu. Hayo nayajua kwa mdomo wako tu. Ukinidanganya, nakutibu nikiwa nimefumba macho."

Antena aligeuza uso ukutani.

"Panauma chini ya bega la kushoto," alisema. "Tangu alfajiri. Na bado nina hasira."

"Hasira si ugonjwa," daktari alisema, akatoa kalamu na kuandika: bega la kushoto.