Usikisie, Bwana Isurugi

Nilikwenda kuchukua upanga, basi. Kazi ya kawaida. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Bizen, magoti yangu yamechoka kuliko mimi, na mimi nilikuwa nimechoka tangu mwaka juzi. Nimezunguka nusu ya dunia nikisaka panga zetu za kale za Kijapani zilizobebwa na wageni. Nimelala kwenye benchi la stesheni Lyon, nimeharisha Boston, nimebishana Melbourne na mama mmoja aliyekuwa akikatia keki upanga wa enzi za mababu. Nilichovuna ni mgongo mbovu, na duka ambalo paka wa jirani hulitembelea zaidi kuliko wateja.

Bi Hatsue Uozumi alinipokea mlangoni. Mumewe, mkusanyaji panga, tulikuwa tumemzika kabla ya kiangazi.

"Umezeeka," akasema.

"Mtu lazima azeeke, mama. Nimejitolea kwa niaba ya wenzangu."

Hakucheka. Alinipeleka chumba cha wageni, kilichonuka ubani na mafuta ya karafuu, yale tunayopaka panga zisishike kutu. Upanga ulikuwa juu ya mkeka, ndani ya mfuko wa hariri.

"Uondoke nao leo. Kazuomi anakuja kesho." Kazuomi ni mwanawe, mgonjwa wa panga kama baba yake. "Safari iliyopita aliukodolea macho jioni nzima. Aliporudi mjini akanipigia simu. Ananiuliza, mama, hivi binti yangu anaitwa nani?"

Nilingoja amalizie utani. Hakumalizia.

"Baba yake alianza hivyo hivyo. Majirani kwanza. Halafu mbwa. Halafu watoto. Kila akikisia ni kazi ya mhunzi gani, akikosa, jina la mtu linamtoka."

"Na akipatia?"

Akashusha sauti. "Siku ya mwisho nilisikia mtu akimwambia, umepatia. Nikafungua mlango. Alikuwa peke yake, ameketi, upanga mkononi, anatabasamu... Ameshapoa."

Kisha akanishika mkono.

"Usikisie, Bwana Isurugi. Beba, nenda."

Akatoka uani kuanua matunda yaliyoning'inizwa upenuni.

Sasa niwaeleze ugonjwa wetu. Jina la mhunzi huchongwa kwenye kile kipande cha chuma kinachojificha ndani ya mpini. Sisi tunaopenda mambo haya hukutana, tukaficha kipande hicho, tukatazama upanga ulivyopinda, chembe za chuma, na ule mstari mweupe wa makali unaofanana na ukungu. Halafu kila mtu anakisia mhunzi, na jaji anamjibu kwa adabu: ama hapana, ama ukoo ni huohuo, yaani mhunzi ni mwingine wa ukoo huo, ama umepatia. Wanaume wengine hucheza karata. Na panga nyingi zilifupishwa zamani, jina likakatwa likaenda zake. Huu ulikuwa mmojawapo. Kumwambia mtu wa kazi yangu asiukisie ni kumwambia asisikie harufu ya samaki anayechomwa nyumba ya pili.

Ngoja nihakikishe tu hauna kutu, nikajidanganya.

Niliinama kuuheshimu. Nikabana karatasi midomoni, maana juu ya chuma kitupu hatuongei. Mate na pumzi huleta kutu. Nikauchomoa.

Chuma kilikuwa kimetulia kama maji ya kisima. Uchovu wote ukanitoka.

Mhunzi ni Kagemitsu, nikawaza.

"Ukoo ni huohuo."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa karatasi. Ya mzee, ya taratibu. Na mazoea ni kitu kibaya: niliinamisha kichwa kushukuru, kama niko mkutanoni, nikawaza tena. Basi Chikakage.

"Hapana. Umekaribia."

Hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Karatasi ilikuwa bado midomoni. Sikuwa nimetamka neno.

Uani nilimsikia Bi Hatsue akiwafokea kunguru. Harufu ya karafuu ilizidi, ikanikaa kooni. Nilikuwa nimebana pumzi... lakini ukungu mdogo ulikuwa ukitanda juu ya chuma. Ukafutika. Ukatanda tena.

Mtu alikuwa anauhemea upanga.

Nyuma ya mlango, kivuli. Amepiga magoti, mikono mapajani. Anasubiri jibu langu la tatu.

Na nilikuwa nalo. Nililijua jina lile kama ninavyoijua ngazi ya nyumbani kwangu gizani. Nikakaza akili nisilitamke ndani. Nikaanza kutaja stesheni za treni, moja baada ya moja, kama mtoto anayekariri sala, nikaurudisha upanga alani. Nusura nijikate kidole gumba.

Nikauvuta mlango.

Hakuna mtu. Kwenye mkeka kulikuwa na mabonde mawili ya magoti. Yalikuwa yakijiinua polepole.

Bi Hatsue aliingia na kapu lake, akanitazama usoni.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akaketi, mzito. "Wanaume wa panga. Mnaambiwa moto unaunguza, mnauliza ni wa kuni gani." Akaweka kapu chini. "Sasa utauacha?"

Nilitamani kuuacha, nisiwe muongo. Lakini kesho mtu ambaye ameshapoteza jina la bintiye angeketi pale nilipoketi mimi.

"Nauchukua," nikasema.

Kwenye treni nilijikagua majina. Mama yangu, yupo. Wanangu wote, wapo. Mwalimu aliyenichapa, yupo, na fimbo yake. Paka wa jirani sikumpata. Nikacheka peke yangu hadi abiria mmoja akahama kiti. Kama hasara ni paka, nikafikiri...

Mke wangu alifungua mlango. Wanaume wa rika langu hatuwaiti wake zetu kwa majina, tunaona haya. Kwangu ni "wewe" miaka yote. Jioni ile nilitaka kumwita. Nikafungua mdomo.

"Mbona umeachama kama samaki?" akasema.

"Hebu niambie jina lako."

"Umelewa wapi?"

"Niambie tu."

Akanitajia, huku akicheka. Jina zuri. Nikainama kuvua viatu. Nilipoinuka, halikuwepo.

Siku hizi namuuliza kila asubuhi. Anadhani ni mapenzi ya uzeeni. Ameanza hata kuona haya, na mimi sina moyo wa kumwambia.

Kazuomi hunitukana kwa simu kwamba nimemwibia urithi. Atukane. Upanga upo kabatini kwangu, nimeufunga mafundo ambayo mwenyewe siyawezi. Labda jibu sahihi hurudisha majina yote, ndiyo maana mume wa Bi Hatsue alitabasamu. Labda siyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba kukisia hakuhitaji macho.

Jana machweo nilikuwa bafuni, ndani ya maji ya moto, sifikirii kitu, na jina la mhunzi likaanza kuja lenyewe. Silabi ya kwanza... Nikaimba kwa nguvu, kwa sauti yangu mbovu, hadi mke wangu akagonga ukuta. Likasimama katikati.

Niligeuka.

Nyuma ya kioo cha mlango wa bafu, amepiga magoti, mikono mapajani. Hana haraka.