Picha Isiyo na Keza

"Wewe kaka, ukisogea hapo nitakuchoma sharubu!"

Ndivyo Keza alivyomsalimia Respicius jioni ile ya tamasha la mtoni, huko ughaibuni Bladensburg, watu wamejaa bustanini mpaka nyasi hazionekani. Alivaa suruali nyeusi ya pamba na kilemba kilicholoweshwa maji, minyororo yenye moto ikivuma mikononi.

Respicius akarudi nyuma na kamera yake. "Sharubu zitaota tena, dada. Wewe je, nikikupoteza?"

Keza akacheka kabla hajajizuia. Mchana hufanya kazi ya kuwaogesha wazee Takoma Park, Jumapili huimba kwaya. Jioni moja moja ndiyo hucheza na moto. Respicius akamweleza kazi yake: kamera huachwa wazi gizani, moto ukajichora wenyewe, kisha flashi hupigwa mara moja ili mchezaji aonekane. Bila flashi unabaki moto mtupu.

Wakapendana. Kabla hata majani hayajaanza kupukutika, Honorata wa kwaya akamwonyesha Keza simu. Respicius ameweka picha mtandaoni: "Huyu ndiye wangu." Duara la moto, zuri ajabu. Keza hayumo.

Akampigia palepale.

"Respi, mimi ni mzimu?"

"Umeanzaje, mpenzi?"

"Unaona haya? Ndugu zako wa Bukoba wasijue umepata Mrundi wa kuogesha wazee?"

"Keza, ngoja kwanza..."

"Bonne nuit, usiku mwema!" Jua lilikuwa bado linawaka.

Hakupokea simu tena. Alishapendwa na mwanamume aliyemwita "chérie" chumbani na "huyu jamaa yetu" mbele za watu. Wa pili wa namna hiyo hakumtaka, hata awe na sharubu nzuri kiasi gani.

Jumamosi usiku Respicius akaja kwenye mazoezi ya moto, koti jekundu, amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nani aliniambia kwaya wakijua anacheza na moto watamtoa?"

Keza akakumbuka. "Nilikuwa natania, wewe!"

"Nikalibeba neno hilo kama amri. Nilitaka kujisifu, nikaogopa kukuponza. Flashi niliizima mwenyewe."

"Ungeuliza."

"Ungepokea simu."

Keza akauma mdomo. "Fungua kamera."

Akauzungusha moto, akauzima, akatulia. Kamera ikiwa bado wazi, Respicius akapapasa gizani mpaka ubavuni kwake, akainua flashi. Pa! Wakatoka wawili chini ya duara la moto, Keza kang'aa, Respicius kafumba macho.

Keza hakuomba ushauri wa mtu. Akairusha picha kwenye kundi la kwaya, kisha kwa mama yake anayeishi Sterling. Simu ikalia papo hapo.

"Keza, huyo anayesinzia ni nani?"

Akamkabidhi Respicius simu. "Jibu."

Respicius akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama. Mimi ni mkwe wako, ukinikubali."

"Weye!" Keza akamfinya mkono. "Hata mimi hujaniuliza!"

"Subiri zamu yako, bibie. Naongea na mama."