Alama ya Kijani

Walikutana kwa kugombana. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, foleni imetoka hadi nje, na Tofali, tajiri wa maghorofa, akapita na suti yake ya kijivu moja kwa moja hadi kaunta.

"Kaka, foleni ina mkia," akasema fundi wa mapazia, dada mwenye gauni la manjano na futi ya kupimia shingoni. "Au kwenu mlizaliwa mbele?"

"Kwetu nilizaliwa nyuma kabisa, dada. Nimeanza kwa kubeba matofali, ndiyo maana wananiita Tofali."

Akacheka, akarudi mkiani. Kabla ya kufika kaunta alikuwa ameshapata namba ya simu ya yule dada.

Yakawa mapenzi ya simu asubuhi na jioni. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula. Wewe je, leo umejenga?" Kila ghorofa lake lilikuwa jasho lake mwenyewe, na dada alimpenda kwa hilo.

Kisha mpumbavu akaharibu. Akanunua mtaa mzima ambao mama wa yule dada alikuwa amepanga tangu ujana wake, wala asimwambie mpenzi wake neno. Vijana wake wakapaka kila mlango alama nyekundu, ya kubomolewa. Mlango wa mama peke yake wakaupaka kijani, ya kuachwa. Mwanamume mwenye akili ya kusimamisha ghorofa, na hili hakuliona! Kufikia mchana majirani hawakuitikia salamu ya mama. Shoga yake wa miaka yote akamwambia usoni, "Umetuuza ili mwanao aolewe."

Simu ikalia.

"Mpenzi, umeiona zawadi yangu?"

"Mama yangu analia, wewe unasema zawadi?"

"Analia nini? Nyumba yake haiguswi!"

"Ndicho kinachomliza! Njoo umtazame."

Akaja mbio. Dada alikuwa mlangoni, macho mekundu kwa hasira.

"Ungeniambia," akasema. "Siku zote hizo unaniuliza nimekula, nimelala, na hili umelifumbata!"

"Nilitaka kukufurahisha. Ningeweza kubomoa yote!"

"Kwa hiyo nikushukuru?"

"Mimi hakuna aliyenihurumia! Nimejenga kwa jasho langu!"

"Na hawa walijenga maisha yao kwa nini? Kwa mate?"

Tofali alikuwa anampenda, hilo halina ubishi, na aliogopa kumkosa.

"Sikiliza. Nataka kukuoa. Kesho nawatuma wazee wangu kwenu."

"Kwetu wapi?"

Nyuma yake, mama alikuwa akifunga sufuria ndani ya shuka. Hakuinua uso.

"Mama hataki kubakizwa peke yake, anahama na wenzake," dada akasema. "Nakupenda, Mungu anajua, na nimekasirika nawe hadi natetemeka. Ukinitaka kweli, uliza tulikohamia. Lakini wa kukuelekeza ni hao majirani, na kwanza waitikie salamu yako."