Msukule wa Igoma

Kila alasiri Suzana alipotoka shule, alivua sare, akavaa gauni la kazi na kumfuata bibi yake kando ya barabara ya Musoma. Hapo Igoma, Bibi Ng'washi alikuwa na karai kubwa na jiko la kuni. Alikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mifupa ikabaki kwetu, nasi tuliinunua na kushukuru. Suzana alichochea moto na kuwafungia wateja mapanki kwenye magazeti. Moshi ulikuwa mwingi, na macho ya Bibi Ng'washi yalikuwa mekundu mwaka mzima.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Maige, muuza mitumba. Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limefunguliwa, na nguo za wazungu zilikuwa zinaingia Mwanza kwa marobota. Wauzaji walikaribia kuwazidi wanunuzi. Wengine walipiga kengele, wengine waliimba. Maige alikuwa na njia yake ya kuvuta watu: alimtumia Obedi, kaka yake Suzana.

Obedi alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Miezi michache baadaye alianza kukosa usingizi. Alisema kuna watu wanamsema, ilhali chumbani hamna mtu. Alisema redio inamtaja jina. Akaacha kuoga, akawa anazunguka barabarani akijibizana na sauti alizozisikia peke yake. Bibi alimpeleka kwa mganga. Mganga akamchanja chale, akachukua mbuzi, akasema wasubiri. Walisubiri mpaka wakachoka.

"Jenerali!" Maige alikuwa akimwita biashara ilipopoa. "Njoo uvae magwanda!"

Obedi alikuja. Maige alimvika gauni la harusi, au kofia ya kike yenye manyoya, kisha akapaza sauti: "Mbele tembea! Nyuma geuka!" Obedi alitembea na kugeuka. Watu walikusanyika wakicheka hadi kushika mbavu, na wakishacheka, walinunua. Malipo ya Jenerali yalikuwa kipande cha muhogo.

Siku moja Evelina, aliyekaa dawati moja na Suzana, alikuja kununua mapanki. Akamtazama Obedi akipiga saluti ng'ambo ya barabara.

"Suzana, yule si kaka yako?"

"Mimi? Simjui," alijibu Suzana haraka, akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Bibi Ng'washi alisikia, akaendelea kugeuza mapanki.

Wiki iliyofuata, Maige alitoa kwenye robota koti zito la baridi, la aina ambayo hakuna mtu wa Mwanza angeihitaji. Jua lilikuwa utosini. Akamfunga Obedi vifungo vyote mpaka shingoni, akamwamuru apige gwaride. Obedi alikwenda na kurudi, akaenda na kurudi, jasho likimtiririka, kisha akaanguka kifudifudi. Watu wakazidi kucheka, maana walidhani ni sehemu ya mchezo.

Bibi Ng'washi aliliacha karai likichemka, akavuka barabara. Alipiga magoti, akamgeuza na kuanza kufungua vifungo.

"Bibi, taratibu," alisema Maige. "Usije ukanichania koti."

Hapo ndipo Bibi alipoamua kwenda hospitali ya mjini, kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Daktari wa huko aliitwa Mutalemwa, mtu wa Bukoba, mwenye mvi na sauti ya upole. Obedi alilazwa wiki kadhaa. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimpa Bibi pakiti ya vidonge.

"Mama, ameze kila jioni. Hata akionekana mzima, aendelee. Mkiona jambo lolote jipya mwilini mwake, mrudi hapa mara moja, msingoje tarehe."

"Macho yangu hayaoni vizuri, baba," alisema Bibi. "Huyu Suza anasoma darasa la sita. Yeye ndiye atampa."

Suzana alikubali. Alijisikia mkubwa siku hiyo.

Obedi alirudi nyumbani akiwa mtulivu. Aliacha kujibizana na watu wasioonekana. Alioga, alilala, na siku moja aliuliza habari za wazazi wao waliokuwa Magu wakilima pamba. Bibi alitokwa na machozi ya furaha. Lakini baada ya muda mwili wa Obedi ulianza kukakamaa. Alitembea kwa hatua fupifupi, mikono haichezi. Uso wake uliganda, hacheki wala hanuni, na mate yalimtoka pembeni mwa mdomo. Bibi, kwa macho yake yale, hakuyaona yote hayo. Suzana aliyaona, na aliyakumbuka vizuri maneno ya daktari. Hakusema kitu. Aliona aibu kurudi tena kukaa kwenye benchi la kliniki ile.

Maige naye aliyaona. Alimwita Jenerali wake, na Jenerali hakuja. Wateja walikuwa wamehamia kwa jirani mwenye kengele. Basi Maige akaanza kusema maneno.

"Yule si Obedi tena," aliwaambia watu. "Mtazameni anavyotembea. Yule ni msukule. Obedi mwenyewe amekwisha kufa, kilichobaki ni mwili wa kutumwa. Na kila jioni analishwa vitu na yule kikongwe. Macho yake hamyaoni?"

Mtu mwenye akili angecheka. Igoma haikucheka. Katika nchi yetu ile, wazee wengi walikuwa wamekwisha kuitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, na hao waliowaua walikuwa wakipika kwa kuni hizohizo, wakifikicha macho kwa moshi huohuo. Wateja wa mapanki walipungua, kisha wakakoma. Shuleni, Evelina alihama dawati.

"Mama amenikataza kukaa na wewe," alisema mbele ya darasa zima. "Bibi yako anafuga msukule."

Suzana alilia njia nzima kurudi nyumbani. Alimchukia Evelina, akamchukia Maige, lakini zaidi aliichukia ile pakiti ya vidonge. Jioni ile alikwenda chooni, akaimimina yote shimoni. Obedi alipokuja na kikombe chake cha maji, alimkuta amesimama mlangoni.

"Leo vipi, Suza?" aliuliza polepole. "Dawa iko wapi?"

"Daktari amesema basi, kaka. Umepona."

Obedi alimtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu arudi, uso wake uliokakamaa ulijaribu kutabasamu. "Ahsante, mdogo wangu," alisema. Aliyanywa yale maji matupu, akaenda kulala.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mwili wa Obedi ulilegea, mate yakakauka, mikono ikaanza kucheza. Suzana alijisifu moyoni kwamba amejua kuliko daktari. Kisha Obedi akaanza kuamka alfajiri na kukaa mlangoni ametega sikio. Kisha akaanza kujibu. Bibi alimwuliza Suzana kama kaka yake anameza dawa, naye akasema, "Anameza, Bibi."

Ikawa Jumamosi, soko limejaa. Bibi Ng'washi alikuwa ameketi kando ya karai lake akingoja wateja wasiokuja. Obedi alitokea akikimbia, macho yamemtoka.

"Zima!" alipiga kelele. "Bibi, zima hayo mafuta! Yananitukana!"

Kabla mtu hajamshika, alilipiga karai teke. Mafuta yaliyokuwa yakichemka yakammwagikia mguuni, kuanzia gotini hadi kwenye vidole. Alianguka akilia kama mtoto.

Watu walijaa papo hapo. Maige alikuwa wa kwanza.

"Mmeona?" aliguta. "Amemaliza kumla akili, sasa anamkaanga! Mchawi huyu!"

"Mchawi!" waliitikia wengine. Hakuna aliyeinama kumsaidia Obedi. Walioinama, waliinama kuokota mawe.

Bibi Ng'washi hakukimbia. Alijikokota hadi alipolala mjukuu wake, akavua kanga yake ya mabegani na kumfunika mguu. Jiwe la kwanza lilimpata kwenye paji la uso. Damu ilitiririka ikaingia kwenye yale macho yake mekundu, na kuna watu walioshangilia. Mama yake Evelina alikuwa mmoja wao.

Suzana alikuwa amejificha nyuma ya kuni. Aliogopa sana. Alijua kwamba akinyamaza, bibi yake atauawa pale pale, na akisema, watu wote watajua alichokifanya. Aliona mkono mwingine ukiinuliwa. Akatoka, akasimama mbele ya bibi yake na kunyoosha mikono.

"Ni mimi!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Bibi hana kosa! Ni mimi!"

"Toka hapo, mtoto!"

"Sitoki! Kaka yangu anaumwa, alikuwa anatibiwa hospitali. Zile ni dawa za hospitali. Mimi nilizitupa chooni nikamdanganya amepona. Nilifanya hivyo kwa sababu mlimwita msukule, na mimi niliona aibu! Kama mnataka wa kumpiga, nipigeni mimi!"

Kelele zilikatika. Mwanamke mmoja alilitazama jiwe lililokuwa mkononi mwake, akaliachia. Mwingine akasema amechelewa kupika. Waliondoka mmoja mmoja, kama watu walioambiwa mechi imeahirishwa. Hakuna aliyesema pole. Maige alikimbilia kwenye mitumba yake, maana alisikia kwamba wezi wameanza kujichagulia.

Hospitalini, mguu wa Obedi ulisafishwa na kufungwa, na kidonda cha Bibi kikashonwa. Daktari Mutalemwa alimsikiliza Suzana mpaka mwisho bila kumkatiza. Suzana aliyasema yote, hata ule uongo wa kila jioni.

"Kwa nini hamkurudi alipoanza kukakamaa?" aliuliza daktari.

"Niliona aibu, kisha watu wakasema ni msukule," alijibu Suzana.

Daktari hakucheka. "Nisikilize, binti. Ubongo ni kiungo kama ini au moyo, nao huugua. Ukiugua, mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, na kwake yeye zipo kweli. Dawa huzituliza. Lakini dawa hiyohiyo huweza kukaza mwili, na watu wengine huwakaza zaidi. Ningepunguza kiasi na kumwongezea kidonge cha kulegeza viungo. Basi, yangekwisha. Wewe ulidhani dawa ndiyo ugonjwa. Ukaitupa, ugonjwa ukabaki."

Suzana aliinamisha kichwa. Kitandani, Obedi alikuwa macho, anasikia kila neno.

Obedi alitibiwa upya. Safari hii alipewa dawa kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo pamoja na kile kidonge cha kulegeza, na Bibi alimpeleka kliniki kila tarehe ilipofika. Mguu ulipona vibaya, akawa anachechemea. Akili ilitulia. Alipata cherehani ya kukodi, akaanza kurekebisha nguo za watu barazani. Siku moja Maige alipita, akasimama.

"Jenerali, umetutupa wenzako! Lini utakuja kutuchangamsha?"

"Naitwa Obedi," alijibu bila kuacha kushona. "Na kila mlichokuwa mnasema nilikuwa nakisikia. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa kiziwi."

Maige alicheka kidogo, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata, akaenda zake.

Jioni ile Suzana alimpelekea kaka yake kikombe cha maji, na pakiti ya vidonge mkono wa pili, kama Bibi alivyomwagiza. Obedi alipokea maji. Halafu akaichukua pakiti yote, akaitia kwenye mfuko wa shati lake na kuufunga kifungo.

"Nimekusamehe, Suza," alisema. "Umeokoa maisha ya Bibi. Ila hizi nitazitunza mwenyewe."

Suzana alikimbilia jikoni, akamlalia bibi yake miguuni na kulia kwa uchungu.

"Anasema amenisamehe, Bibi, lakini amenikataa!"

Bibi Ng'washi hakumbembeleza. Alimwinua kidevu, akamtazama kwa macho yake mekundu, kovu likiwa bado jipya juu yake.

"Hajakukataa, ng'wanawane, mwanangu. Mgonjwa anaposhindwa kuiamini akili yake, huazima ya mtu wa karibu. Yeye aliazima yako, ukampa uongo. Watu wa barabarani walimrushia maneno na mimi wakanirushia mawe, lakini wao hakuwaomba dawa. Alikuomba wewe. Kusamehe ni kwake, na amemaliza. Kuaminiwa tena ni kazi yako, na usimharakishe."

Suzana alifuta machozi. Tangu siku hiyo, kila jioni, alimpelekea kaka yake maji tu.