Nafasi Tupu Kwenye Sanduku la Zana

Soko la nguo lilifurika kiasi kwamba mtu hakuchagua pa kukanyaga, alikanyaga palipobaki. Ndivyo Njiti alivyosukumwa na mama mmoja mwenye furushi la mapazia, akaiangukia meza ya fundi cherehani, ovaroli ya buluu mkononi.

"Karibu, dada. Wenzio huwa wanapiga hodi," fundi akasema, mkasi wake keshauokoa. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kama la bwana harusi, utepe wa kupimia shingoni.

"Samahani. Nipunguzie hii."

Akaikunjua. "Hii ovaroli au hema? Mnalala wangapi?"

"Stoo walikuwa na saizi za wanaume tu. Punguza kiunoni na miguuni. Halafu mifuko ya kifuani ishone, ifunge kabisa."

"Mfuko uliofungwa una kazi gani?"

"Usidondoshe kitu ndani ya ndege. Nikiinama na kalamu kifuani, ikatumbukia kwenye bawa, itasafiri na abiria mahali isipotakiwa."

"Kumbe naongea na rubani."

"Rubani anaendesha. Sisi ndio tunaomwambia kama kuna cha kuendesha. Mimi bado mwanagenzi, najifunza ufundi wa ndege."

"Na mimi ovaroli ya ndege sijawahi kushona. Basi wote tunajifunza."

Ovaroli ikamkaa vizuri mpaka wenzake karakana wakauliza kaiagiza wapi. Wiki iliyofuata Njiti akarudi sokoni na suruali isiyo na tatizo lolote. Fundi akaigeuzageuza, akatikisa kichwa kama daktari, akasema hali yake ni mbaya, iwe inaletwa mara kwa mara. Ikawa inaletwa.

Jina la Njiti alipewa karakana kwa wembamba wake. Naye akampachika fundi jina la Uzi, maana hapakupita siku asimkute na kipande cha uzi kimeng'ang'ania begani. Majirani wa meza wakasema uzi na njiti haviwezi kujenga nyumba. Wenyewe hawakusikia, mtu akipenda, masikio huenda likizo.

"Umekula, kipenzi?" Uzi humpigia mchana.

"Nimekula grisi."

"Inanenepesha?"

"Viungo vya ndege tu. Mimi bado."

Jumapili Njiti alivaa gauni la manjano aliloshonewa na Uzi, wakatembea taratibu kama watu wenye mji wao. Uzi alimsimulia habari za mama yake, aliyelazwa hospitali ya mbali, mkali hata kitandani, anayewafundisha wauguzi kutandika shuka. "Akipata nafuu nitakupeleka akuone," alisema. "Jiandae. Atakukagua kuliko hizo ndege zenu."

Asubuhi moja simu ikaita Njiti akiwa anavaa buti.

"Dada kanipigia." Sauti ya Uzi haikuwa na mzaha. "Mama amebadilika usiku. Daktari anasema tuliopo mbali tuje. Nimepata nafasi ndege ya adhuhuri."

"Hiyo tunayo sisi, mpenzi. Tunaimalizia sasa hivi."

"Basi leo nasafiri mikononi mwako."

Njiti akafanya kazi ile kama anayemvisha mtoto wake. Alikuwa akifunga kifuniko kidogo chini ya bawa, akafuta mafuta kwa tambara, akafunga, akafuta tena. Kisha akarudi kwenye sanduku la zana.

Sanduku la mafundi wa ndege si kapu. Kila kifaa kina kitanda chake, kimechongwa kwa umbo lake, na kazi ikiisha kila kimoja hurudi kulala pake. Kitanda kikibaki kitupu, ndege haiendi kokote, kwa sababu kilichopotea huenda kimebaki ndani, na kikijipenyeza kwenye nyaya za usukani, huko juu hakuna wa kukitoa.

Kitanda cha bisibisi fupi kilikuwa kitupu.

Akajipapasa. Akachungulia chini ya ngazi, chini ya magurudumu. Nje ya uzio, abiria walikuwa wameanza kukusanyika. Fundi mkuu alikuwa amempa mgongo, anazungumza na rubani. Hakuna aliyeona. Njiti alijua akifunga kile kifuniko cha sanduku, Uzi atakuwa kwa mama yake alasiri hiyohiyo.

Akatembea mpaka kwa fundi mkuu. "Mkuu, bisibisi yangu siioni."

Mzee akamtazama, akamgeukia rubani. "Ndege haiondoki."

Wakaanza kufungua walivyovifunga. Simu ikatetema.

"Njiti, wanatuambia kuna hitilafu ndogo. Hitilafu gani?"

"Kuna kifaa hakijaonekana."

"Cha nani?"

"Changu."

Akasikia mtoto wa mtu akilia kwenye chumba cha abiria.

"Mama yangu anakata roho."

"Najua, mpenzi."

"Basi waambie umekiona."

"Siwezi."

"Unaweza. Sema umekiona. Kitu cha kidole kimoja, Njiti."

"Siwezi, Uzi. Na wewe utakuwa humo ndani."

Simu ikakatwa.

Bisibisi ilipatikana jua limeshapinda, kwenye pipa la matambara machafu. Njiti mwenyewe aliikunja ndani ya tambara alipokuwa akifuta, akaitupa bila kujua. Haikuwa ndani ya ndege hata dakika moja. Kama angenyamaza, kusingetokea kitu. Hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Fundi mkuu aliiruhusu ndege iondoke, akamwondoa Njiti kwenye zana, akampa ufagio. "Kukosa umekosa," alisema. "Kusema umesema. Hayo mawili sitayachanganya."

Jioni ukaja ujumbe mmoja: *Nimekuta wameshamfunika.*

Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, akapokea dada mtu. "Wifi, pole kwa kubeba lawama peke yako," alisema kwa upole. "Lakini mwache kidogo." Njiti akamwacha. Akafagia karakana mpaka sakafu ikaona haya. Sokoni, cherehani ya Uzi ilifunikwa kwa shuka, na Njiti hakuweza kuitazama.

Kisha mchana mmoja akamkuta Uzi kwenye lango la karakana. Amekonda. Shati lilikuwa na mikunjo, na hilo lilimwumiza Njiti kuliko neno lolote.

Wakakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Nilikuja kukugombeza," Uzi akasema. "Nilipanga maneno njia nzima."

"Yaseme."

"Dada kayaharibu. Jana ndiyo kaniambia. Mama aliuliza nimefika wapi, akaambiwa ndege imezuiwa, mafundi wanatafuta kitu. Akasema, 'Waache watafute. Waambie wasiharakishe, huyo ninaye mmoja tu wa kiume.'" Akang'oa jani ukingoni mwa barabara. "Ndiyo maneno yake ya mwisho, Njiti. Na mimi saa ileile nakuomba useme uongo."

"Haikuwa ndani ya ndege, Uzi. Ilikuwa kwenye pipa. Kosa langu."

"Nimesikia. Bado nina hasira, na si kidogo."

"Ni haki yako."

"Ila nimejaribu kukaa nayo mbali na wewe, haikaliki."

Ndege ikapaa juu yao, ikatikisa mabati ya kibanda cha mlinzi. Uzi akaifuata kwa macho mpaka ikawa nukta.

"Ile nayo mliihakiki?"

"Isingeondoka."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Mjomba wangu anauliza kwenu ni wapi, apeleke barua ya posa."

"Anauliza yeye?"

"Mimi ndiye niliyemtuma aulize."

Njiti akacheka kidogo, kisha machozi yakamshinda. Uzi akamsogelea, akamwacha alie kwenye lile shati lisilopigwa pasi, na yeye akalia naye, mlinzi akajifanya anatazama upande wa pili.