Nilimbebesha Shemeji Kosa la Nyundo Yangu

Nina umri wa miaka sitini na minane, mkazi wa Bariadi. Haya ninayoyaandika, hata mke wangu ameyajua mwezi uliopita tu...

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuingia kwetu. Pamba ya shamba langu la kijijini Kasoli ilinipa vyumba vinne vya kupangisha mjini. Madukani vitu vilikuwa vimejaa baada ya uhaba wa muda mrefu. Nikanunua nyundo ya mpini wa chuma, msumeno, plaizi na bisibisi.

Nilivipenda vifaa vile, jamani. Kitasa kikilegea au bawaba ikikatika, nilitengeneza mwenyewe. Wapangaji walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Mpangaji mmoja, Mama Kulwa, alikuwa mjane mshona nguo. Alilalamika kwamba udongo wa mchwa unamwangukia kwenye cherehani. Nikamwita Masanja, kaka wa mke wangu, fundi seremala. Alipanda darini majirani wakimwona.

"Shemeji, boriti imeliwa yote," aliniambia. "Usigonge msumari hapo. Ibadilishe."

Nilimwahidi kwamba nitamwita. Sikumwita. Fundi wa nini, wakati nyundo ninayo? Mama Kulwa alipokwenda msibani Ipililo, nilipanda mwenyewe, nikapachika kipande cha mbao, nikapiga misumari na kukaza waya kwa plaizi. Nikashuka nikiimba.

Wiki ya tatu ikaja mvua ya upepo, mchana. Paa likamwangukia Mama Kulwa akishona. Mkono wake wa kulia ulivunjika, na haukunyooka tena. Mshona nguo, wasomaji... mkono wa kulia.

Mwenyekiti wa mtaa aliuliza mbele ya watu ni nani aliyetengeneza paa lile. Mdomo wangu ukasema, "Masanja."

Naye alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, akamtazama dada yake aliyekuwa na mimba yangu, akainamisha kichwa. Hakutaka kuvunja nyumba ya dada yake.

Tangu siku ile hakuna aliyempa kazi Bariadi. Alihamia Mkula, akawa kibarua wa mashamba ya watu. Miaka yote mke wangu alimlaumu kaka yake, nami nilikaa pembeni nikisikiliza, kimya... Mimi ni mtu wa namna gani?

Mwezi uliopita nilimweleza mke wangu kila kitu, kisha nikaenda Mkula. Nilimwamkia Masanja, "Mwangaluka, shemeji," nikapiga magoti. Akaniinua.

"Mimi nilikusamehe zamani," alisema. "Lakini uongo ule uliusema mbele ya watu. Nenda ukawaambie watu."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kwetu Bariadi nikasema yote. Mama Kulwa alikuwepo, mkono wake umekunjika kifuani. Alitoka nje kabla sijamaliza. Sikuthubutu kumfuata.

Wewe mwenye nyumba za kupangisha, fundi akikwambia usiguse, usiguse. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, ungali na mtu wa kukusikiliza mpaka mwisho.