Ubeti Alioukata Lukeba

Kufikia adhuhuri ndagala, dagaa wa ziwani alioanika uani, walikuwa wamekauka, wanakatika mkononi. Chausiku aliingia ndani kuchukua kikapu. Alipotoka, ndagala wamelowa chapachapa. Mwezi wa saba, mwaka wa uhuru, na Rumonge haikuwa imeona tone la mvua kwa wiki tano.

Kisha ikaja ile harufu ya matope na mawese. Harufu ya Asmani, mumewe mvuvi, aliyezama ziwani kule Kigwena mwaka uliopita.

Mwasiti, binti yake wa miaka saba, alikuwa akiuchekea ukuta.

"Mama, baba anasema twende tukaoge."

Chausiku alilijua. Lilikwisha kuja mwezi wa nne, jini lile, kwa sauti ya marehemu. Bibi Sikujua, fundi wa ngoma za majini, alilitolea wimbo wake: beti mbili tamu za kuliita, maana jini haliji kwa matusi, na ubeti wa tatu wa kulifukuza. Sharti moja: aliyeliita ndiye alifukuze. Chausiku akauimba wote, likaenda. Lakini Lukeba, mpiga gitaa wa ngoma ile, alizibeba zile beti mbili tamu tu hadi kwenye dansi ya uhuru, na sasa toka Gitaza mpaka Nyanza-Lac wapenzi wanazililia.

Alimkuta Lukeba akikaza nyuzi.

"Kaka, ubeti wa tatu uko wapi?"

"Ule wa 'toka, rudi majini kwako'? Dada, ule iko mubaya. Bibi harusi gani anataka kuambiwa toka?"

"Si wimbo wa mapenzi, Lukeba!"

"Mbona unaliza watu, basi? Wanasema ulimtungia marehemu. Jambo zuri hilo, usiliharibu."

Chausiku alitamani kumvunjia gitaa kichwani. "Mutoto wangu anaitwa ziwani, wewe unaniambia zuri!"

Lukeba alitazama huku na huku. "Shii. Leo alasiri, harusi ya Abasi. Nitauimba. Mara moja tu."

Alasiri Chausiku alisimama katikati ya umati, mkono wa Mwasiti ndani ya mkono wake. Lukeba aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, kisha akaanza wa tatu: "Toka, ulowanishaye mlango wangu..."

"Aaa! Unatutukania harusi?" alifoka shangazi wa bwana harusi. "Turudishie ule mutamu!"

Lukeba akaukatiza hapo. Chausiku akapaza sauti kuumalizia yeye, watu wakamcheka, maskini, mapenzi yamemzidi, na kabla hajafika mwisho ua mzima ulikuwa umeshika ubeti wa kwanza, wazee kwa vijana, macho wameyafumba, wakiita njoo mpenzi, njoo nyumbani, huku harufu ya matope ikipanda juu ya pilau na udi, na hakuna aliyeinusa isipokuwa yeye.

Akaubana mkono wa mwanawe.

Ulikuwa umelowa. Ulikuwa mpana, wenye sugu, mkono wa mvuvi, nao ukambana vilevile.

Mbele ya Chausiku, watu walikuwa wakimpigia makofi.